Maneno ya Mwenye Masharubu na Posa ya Mdogo Wangu

Kariakoo, Alhamisi jioni, 1956

Mvua ya asubuhi imekatika, upepo wa baridi kidogo unapita dirishani, na mimi nimekaa kitandani nimeegemea ukuta, moyo mweupe. Sikutegemea kuandika hivi leo. Nilipoamka nilidhani jioni nitaandika habari za kilio.

Nianze na jana, maana ya leo yote yametoka jana.

Jana ilikuwa Jumatano, siku ya wanawake sinema. Mchana huo wanaume hawaingii kabisa, hata mzee wa tikiti pale mlangoni hutazama pembeni tukipita. Mimi na mdogo wangu Tatu tulivaa mabuibui yetu, tukakatisha Mnazi Mmoja, tukaingia Uhindini. Mle ndani ungedhani nusu ya mji imehamia. Mama wa Kihindi wako juu na makopo yao ya vitafunio, sisi tuko chini, wachanga wanalia, njugu zinamenywa, na kila mtu anamwuliza mwenziwe ya nyumbani. Taa zikizimwa ndipo tunapofunua nyuso. Zikiwashwa tunajifunika tena, na ukikutana na mtu sokoni kesho yake, basi hukumwona na yeye hakukuona. Hiyo ndiyo adabu ya Jumatano. Hakuna aliyetufundisha lakini wote tunaijua.

Mimi hukaa katikati ya safu kwa sababu nina kazi. Marehemu baba alikuwa fundi cherehani kwenye baraza la duka la Mhindi pale Mchafukoge, nami nimekulia nyuma ya duka hilo nikicheza na watoto wa mwenye duka. Lugha yao ya nyumbani na ile ya sinema si moja, lakini aliyeizoea moja hapotei sana kwenye nyingine. Basi wanawake wa safu yangu, na wa safu za nyuma, hunisikiliza mimi kuliko wanavyoitazama picha. Natafsiri, na ninatia chumvi. Sioni aibu kusema hivyo. Chakula kisicho na chumvi nani atakila?

Jana mbaya wa sinema alikuwa mtu mrefu, mwenye masharubu membamba yaliyoning'inia mpaka kidevuni. Jina lake la kwenye sinema lilikuwa refu, halikunikaa mdomoni. Alipoingia mara ya kwanza nikasema, "Huyo, Mkia wa Panya kaja," na watu wakacheka mpaka nyuma. Likawa jina lake. Kila akitokea, Mkia wa Panya.

Mkia wa Panya alikuwa na nyumba ya kamari, na alikuwa ameiba bangili za dhahabu ambazo mjane mmoja aliziweka kwa ajili ya harusi ya binti yake. Lawama ikamwangukia mwalimu kijana, steringi wetu. Baada ya nyimbo nyingi na mvua nyingi, mji ukagundua mwizi ni nani. Wakamkamata, wakamleta mbele ya wazee, mjane akasimamishwa katikati ili aseme yake. Sote tulikaa tayari. Tulingoja alie, au akane, au atoe kisu.

Akaomba ruhusa aseme.

Maneno yake nimeyarudia kichwani tangu jana, nayaandika yasinipotee. Alianza kwa kukubali. "Wazee wangu, mnasema kweli. Mimi ni mwovu, sina la kubisha." Alisema kwa sauti ya chini, mpaka wazee wenyewe wakasogeza vichwa mbele ili wamsikie. Kisha akasema, "Kabla hamjanihukumu, naomba niwashukuru walioniona kwenye nyumba yangu ya kamari. Mtu anaweza kuwa mwovu miaka mingi pasiwe na hata mmoja wa kumjali. Nani aliniona?"

Mzee mmoja mwenye kilemba akasimama kwa haraka, akasema, "Mimi nilikuona." "Ahsante, mzee wangu," akasema yule. "Usiku ule taa ilikuwa ikitoa moshi, sijui kama unakumbuka." Na mzee, bila kufikiri, akajibu, "Ilitoa moshi sana, mpaka tukaipunguza utambi."

Sinema nzima ikaguna.

Akainuka wa pili, mwuza nguo, akasema yeye alimwona akificha karata. "Ahsante, ndugu yangu. Nawe usiku ule ulikuwa ukishinda au ukishindwa?" Mwuza nguo akafungua mdomo, akaufunga. Wa tatu, aliyekuwa ameshaanza kuinuka, akajifanya anarekebisha nguo yake, akakaa. Hapo Mkia wa Panya akatazama huku na huku na kusema, "Nihukumuni basi. Ila anayenihukumu aanze kwa kusema yeye alikuwa amekaa wapi." Halafu akanyamaza.

Kunyamaza kwenyewe kulikuwa sehemu ya hotuba. Mtu mwingine angeendelea, angewaita wanafiki, angewatukana mama zao, na wao wangepata pa kushika wakasirike. Yeye hakuwapa neno la kukasirikia. Hakuwatukana hata kidogo. Aliwashukuru, akawauliza habari za taa na utambi, vitu vidogo ambavyo mtu huvijibu kabla hajajiuliza kwa nini ameulizwa. Uchafu wao waliutoa wenyewe kwa midomo yao, yeye akasimama pembeni kama mgeni aliyekuja kutazama. Vichwa vikainama. Akapita katikati yao polepole mpaka nje, hakuna aliyemgusa.

Tukapiga vigelegele. Mimi nilivipiga kuliko wote, na nilijisikia kana kwamba maneno yale nimeyatunga mimi.

Tulipokuwa tunarudi, katikati ya Mnazi Mmoja, Tatu akaniambia, "Dada, mbona bangili hazikutajwa tena?"

Nikasimama. Macho yake yalikuwa bado mekundu. Mle ndani nilimwona akilia na kitambaa chake cha buluu, nikadhani analizwa na ile hotuba. Kumbe alikuwa akimtazama yule mjane. Wazee walianza kuona haya, kila mmoja akashughulika na haya yake, na mwanamke mwenye mali yake akabaki amesimama palepale katikati, hakuna anayemwangalia. Kila alichosema yule mtu kilikuwa kweli, na kweli yote ile ilikuwa ya kujiokoa yeye mwenyewe. Mimi mwenye kutafsiri sikuliona hilo. Nilikuwa nimelewa sauti yangu.

Kwa kawaida Jumatano jioni wanawake wasioweza kwenda sinema huja uani kwetu na ukili wao wa kusuka, nami nawasimulia mwanzo mpaka mwisho. Jana walikuja, nikawarudisha. Kichwa kiliniuma, nikalala mapema. Nalitaja hili kwa sababu leo limekuja kuwa na maana.

Sasa ya leo.

Tatu ameposwa na Salum, karani wa bandarini, kijana mpole anayemsalimia mama kwa kuinama mpaka unaogopa atadondosha kofia. Posa tumeshaipokea, gauni la harusi nimeshalikata mwenyewe, limebaki kushonwa. Na Tatu anampenda. Hajaniambia kwa mdomo, lakini naijua sauti yake anapolitaja jina lile.

Mama yake Salum ni Bi Mwanakheri. Yeye ndiye anayewasomesha maulidi wanawake wa mtaa wetu, na hapana harusi wala hitima asiyopewa nafasi ya kusema mawili matatu. Na katika mawili matatu yake, moja lazima liwe la sinema. Anaiita nyumba ya giza. Anasema msichana akiingia mle huiacha haya yake mlangoni pamoja na kipande cha tikiti. Sisi husikiliza, tukaitikia, na Jumatano tukaenda.

Leo asubuhi akatuma ujumbe. Atakuja baada ya adhuhuri, yeye na jirani yake Bi Hidaya, kwa ajili ya habari kwamba Tatu ameonekana mahali pasipofaa, na kama ni kweli basi posa itabidi itazamwe upya.

Tatu hakula. Alikaa kitandani akiikunja kanga na kuikunjua, akiikunja na kuikunjua, mpaka nikamnyang'anya. Mama alifagia ukumbi uliokwisha kufagiwa. Nami nilikuwa na hasira, lakini pia nilikuwa na hofu, kwa sababu nalijua jambo hili kwa undani. Mimi niliachika. Mume wangu hakuwa na neno nami, mavyaa ndiye alikuwa nalo, na mwanamume anayelala nyumba moja na mama yake hatimaye hulala upande wa mama yake.

Wakaja. Tukapeana shikamoo na marahaba, mkeka ukatandikwa ukumbini, mama akaleta sinia la chai ya tangawizi. Tatu alikuwa chumbani nyuma ya pazia. Bi Mwanakheri alikaa wima, buibui limeshushwa mabegani, uso wa kazi. Bi Hidaya alikaa kando yake na masikio yake. Ninamheshimu Bi Hidaya, ila akipewa habari saa ya alasiri, ikifika magharibi zimeshafika mpaka mtaa wa Gerezani.

"Mwenzangu," Bi Mwanakheri akamwambia mama, "mimi sikuja kwa ugomvi. Nimekuja kuuliza. Mtoto ameonekana sinema."

Mama akanitazama. Nikaomba ruhusa niseme.

Sikupanga. Nilipofungua mdomo ndipo niliposikia sauti inayotoka ni ya nani.

"Ni kweli, Bi Mkubwa," nikasema kwa upole. "Tatu alikuwepo, na aliyempeleka ni mimi. Sina la kubisha."

Alishangaa. Alikuja na majibu ya kumjibu mtu anayekana, yakamkaa mkononi. Nikaendelea, "Ningependa tu kumshukuru aliyemwona, maana anatujali. Sijui alimwona wakati wa kuingia au wa kutoka?"

"Kuingia na kutoka wapi na wapi," akasema. "Ameonekana ndani, kafunua uso, analia machozi mbele za watu."

"Labda si yeye, Bi Mkubwa. Mle ndani giza."

"Ndiye. Na kitambaa chake cha buluu mkononi. Analia huku wazee wa watu wanadhalilishwa na huyo Mkia wa Panya."

Kikombe cha mama kikagonga sinia.

Jina lile halimo katika sinema. Nililitunga mimi, kwenye kiti changu, jana mchana, na uani sikulisimulia kwa mtu yeyote. Aliyelijua jina lile alilisikia mdomoni mwangu, kwenye giza, safu mbili tatu nyuma yangu, na katika waliokuwa mle hakuna ambaye angethubutu kumsimulia Bi Mwanakheri. Nilijua. Naye akajua kuwa najua, kwa sababu mkono wake uliokuwa ukienda kwenye kikombe ulisimama njiani, na macho yake yakashuka kwenye mkeka, yakabaki huko. Sikuwahi kumwona Bi Mwanakheri akitazama mkeka.

"Mkia wa Panya ndiye nani?" akauliza Bi Hidaya.

Swali lilikuwa limeshafika mdomoni mwangu, limekomaa. Bi Mkubwa alikuwa amekaa wapi? Maneno manne matano, kwa sauti ya chini, kwa heshima zote, halafu ninyamaze. Bi Hidaya angefanya yaliyobaki. Miaka yote ile ya nyumba ya giza ingeangushwa kabla ya magharibi, na hapana mwanamke katika mtaa huu ambaye asingenipigia vigelegele. Ulikuwa utamu, sisemi uongo. Niliuonja kwenye ulimi.

Nikatazama pazia. Chini yake niliona nyayo za Tatu, peku, zimesimama pamoja, hazisogei.

Ningeshinda mimi. Na Tatu angeolewa wapi? Kama Salum angekubali kumwoa baada ya mama yake kuvuliwa nguo mbele ya watu, angemwingiza katika nyumba ya mwanamke huyohuyo, wale meza moja, wapike jiko moja, na kila siku ile Alhamisi iwe imekaa katikati yao. Sote ukumbini tungekuwa tunatazamana na aibu ya Bi Mwanakheri, na aliyesimama nyuma ya pazia asingekumbukwa na mtu.

"Mkia wa Panya ni mbaya wa sinema, Bi Hidaya," nikasema. "Hilo ni jina nililompa mimi. Jana jioni niliwasimulia wenzangu uani, likawapendeza, sasa limezagaa mtaani. Ndivyo lilivyomfikia Bi Mkubwa. Na habari za Tatu kulia niliwaambia mimi mwenyewe, kwa kumtania."

Nilimwogopa mama. Mama hajapata kunifunika uongo tangu nizaliwe, na jana jioni alikuwepo, yeye ndiye aliyenifunga kitambaa kichwani. Akaliweka sinia sawa, taratibu.

"Walijaa uani," akasema, "mpaka wakanivunjia mtungi."

Nusura nicheke. Mtungi ulikuwa pale pale nyuma yake, mzima, na bakuli lake juu.

Bi Mwanakheri akachukua kikombe, akanywa, akakiweka. "Ndiyo," akasema. "Nilisimuliwa." Akanywa tena. "Na walionisimulia huenda walitia chumvi. Mtoto na dada yake, mchana, siku ya wanawake. Hapo mimi sioni neno."

"Lakini si ulisema," akaanza Bi Hidaya.

"Nilisema tuje tuulize. Tumeuliza."

Yakaisha hivyo. Mazungumzo yakageukia bei ya mchele na lini gauni litakuwa tayari. Nilisema wiki ijayo.

Jana nilimsikia mwovu akisema kweli tupu. Leo nimesema uongo mtupu, na mama yangu msali swala tano akauongezea mtungi. Sijui malaika wataandika nini. Mimi naandika kwamba sijutii. Ila hotuba ya yule mtu siidharau hata sasa, maana bila yeye nisingejua swali dogo linaweza kumfikisha mtu wapi. Nimejifunza kwake karibu yote. Kilichobaki nimejifunza kwa Tatu, kwa swali alilouliza njiani.

Walipoinuka kuondoka, Bi Mwanakheri akamwambia Bi Hidaya atangulie, yeye anamuaga mkazamwana wake. Akaingia chumbani, nami nikamfuata, maana bado sikuwa na imani naye. Tatu akashika mkono wake akaubusu, macho chini. Bi Mwanakheri akamtazama muda mrefu. Akamwekea sawa ukaya wake wa kujitandia kichwani. Akafunga mlango nyuma yetu.

"Iliishaje?" akauliza.

Hatukumwelewa. Akarudia kwa sauti ya chini zaidi, akitazama dirisha. "Ile ya jana. Iliishaje? Mimi hutoka kabla taa hazijawashwa."

Miaka yote hiyo amekaa nyuma yetu gizani, na kila Jumatano, mambo yanapoiva, analazimika kuinuka, ajifunike, apapase ukuta mpaka mlangoni, aende nyumbani akiwa hajui nani alikufa na nani alioa. Na hana wa kumwuliza. Amewafunga midomo wote ambao wangemwambia. Nilimwonea huruma, huruma ya kweli, na nikamshukuru Mungu kwa lile swali nililolimeza.

Aliyejibu hakuwa mimi. Tatu alimkalisha kitandani, akakaa kando yake, akamsimulia mwisho wote, kwa sauti ya chumbani, akitumia mikono. Anasimulia vizuri kuliko mimi, hana haja ya chumvi. Bi Mwanakheri alisikiliza mdomo wazi kidogo. Mahali fulani akamshika Tatu goti.

Nje Bi Hidaya alikuwa anaita, "Jua linakwenda, tunachelewa."

"Mwambie naja," Bi Mwanakheri akaniambia, bila kunitazama. Akavua viatu, akapandisha miguu kitandani, akamgeukia mdogo wangu.

"Na ile ya kipofu, kabla ya Ramadhani. Alipata kuona?"